Kufuli la Stoo Limevunjwa Bila Fomu

Mheshimiwa Meneja wa Karakana,

Shikamoo, mzee. Mwandiko huu si wangu, nimeuazima kwa sababu zisizohusiana na barua hii. Maneno ni yangu yote.

Yah: Watumishi watatu waliothubutu kutumia vifaa vya kinga

Mimi mtunza stoo wako wa miaka kumi na moja nakuandikia kwa uchungu. Vifaa ulivyonikabidhi ili kuzuia ajali vilikuwa vipya hadi Jumatano iliyopita. Glavu zilikuwa bado zimeshonwa pamoja kwa uzi wa kiwandani, na kofia ngumu zilikuwa ndani ya nailoni zake. Mkaguzi kila akija hutikisa kichwa na kusema hajawahi kuona stoo kama hii. Sasa soma yaliyonikuta.

1. Mpakuzi wa mbao aliniomba glavu. Nilimweleza kwa upole kwamba glavu zikifanya kazi zitachakaa. Wiki hiyohiyo kibanzi kikamwingia kiganjani, akaja kuomba bendeji huku mkono ukidondoshea fomu damu. Ilibidi nimrudishe akajaze nyingine safi.

2. Fundi wa randa aliniomba miwani. Nikamshauri afumbe jicho moja, atumie jingine. Vumbi likamwingia jicho lilelile aliloliacha wazi. Hapo, mzee, ndipo nilipogundua chanzo cha ajali zote hapa kazini: ni kuomba vifaa. Aliyeomba glavu kaumia mkono, aliyeomba miwani kaumia jicho. Mimi sijawahi kuomba kitu, na hadi Jumanne nilikuwa mzima kabisa. Unataka ushahidi gani tena?

3. Moto ulipowaka chumba cha vanishi, dada wa vanishi aliukimbilia mtungi wa kuzimia moto. Niliukumbatia mpaka moto ukazimwa kwa mchanga na ndoo ya kupigia deki. Mtungi haukupungua hata tone. Nyusi za dada zimeanza kuota tena.

4. Fundi wa randa huyohuyo, badala ya kwenda kuuguza jicho lake, alinijia mara tatu akidai rafu ya kofia ngumu imepinda na inataka skrubu mbili ukutani. Eti makasha ishirini na mawili ni mazito, ipo siku yatashuka. Nilimtaka alete fomu. Hajaleta hadi leo, kwa hiyo lawama ni yake.

5. Sasa kubwa lao. Kila Jumatano hujifungia stoo kwa ndani nihesabu vifaa bila kusumbuliwa na waombaji. Jumatano hiyo rafu ilishuka. Chini yake alikuwapo mtumishi mmoja mwandamizi, mwenye nidhamu, ambaye hakuwa na tatizo lolote zaidi ya kubanwa mguu na mkono. Mpakuzi, fundi wa randa na dada wa vanishi hawakungoja fomu. Walivunja kufuli! Wakachana nailoni, wakavaa kofia na glavu, wakainua rafu, wakamfunga mtumishi huyo bendeji nne na kumlaza kwenye machela ambayo haikuwahi kulaliwa na mtu. Sasa machela ina doa.

Kwa hayo naomba watatu hao waachishwe kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Tukiwaacha, kesho kila mwenye kichwa atataka kofia, na ajali zitatumaliza.

Nisalimie karani, mlinzi wa getini na mafundi wote, hata hao watatu kabla hawajaondoka.

Ni mimi mtiifu wako,
Mtunza Stoo

Tanbihi: Shemeji Meneja, hapa ni mimi mke wake, mwenye mwandiko. Nimeandika kila alichonitamkia, maana mkono wake wa kulia uko kwenye plasta na mguu umening'inizwa. Ila kuna neno alilolikwepa. Huyo mtumishi mwandamizi mwenye nidhamu ni yeye.

Dada wa vanishi ameniambia walisimama mlangoni wakisita, wakiogopa barua kama hii. Aliyewaambia wavunje ni mume wangu mwenyewe. Alipiga kelele "Vunjeni! Vunjeni jamani, nakufa!" hadi mlinzi akamsikia getini. Leo fomu imemrudia kichwani.

Nimelia sana wiki hii, shemeji, na nimecheka pia kidogo, Mungu anisamehe. Wale watatu wanakuja hapa kila jioni baada ya kazi. Mpakuzi humgeuza kitandani kwa mkono mmoja, kwa sababu ule wa kibanzi haujapona. Ukiwafukuza, utakuwa umewafukuza walioniokolea mume.

Naomba wapewe vifaa vyote, hata kama vitachakaa. Ndani ya bahasha hii utazikuta funguo za stoo. Amezitafuta chini ya mto tangu asubuhi, nami namsaidia kuzitafuta.