Kushuka Kusalimia

Jumatatu, 7 Julai
Timu ya baiskeli ya Mwanza inakuja Jumamosi! Mbio Zagayu mpaka Bariadi mjini. Watatu wa kwanza wanachukuliwa, wanalipwa kwa kukimbiza baiskeli tu. Nikikosa, baba kasema ni pamba mpaka nizeeke. Nimeng'oa keria na madigadi. Baiskeli nyepesi kama kuku.

Jumanne, 8 Julai
Mazoezi. Kilomita nane, nimeshuka mara kumi na moja. Wazee! Huwezi kumpita mzee umekaa juu ya baiskeli, huna adabu. Unashuka, unasema mwangaluka, salamu yetu Wasukuma, naye anauliza baba, mama, ng'ombe, mpaka ndama mwenye jicho bovu. Rodgers, naye yumo kwenye mbio za Jumamosi, kanipita na kaptula yake ya kubana. Kasema Mayunga, hayo mazoezi au kampeni ya udiwani? Jibu nimelipata sasa hivi, ila yeye yuko kwao.

Alhamisi, 10 Julai
Akili imekuja. Miwani myeusi, helmeti ya bodaboda, kitambaa mdomoni. Nani atanijua? Nimewapita wazee sita bila kushuka. Raha!

Jioni Bibi Nyamizi, jirani, kaja kumuuliza mama kama naumwa, maana nimempita kama mbuzi. Kanijua kwa magoti. Magoti! Mama kanirudisha nikawaombe radhi wote sita.

Jumamosi, 12 Julai
Mbio. Nikakaa nyuma, nikawachungulia. Rodgers akipanda mlima mabega yanacheza. Kachoka huyo. Mlima wa mwisho nikampita. Wa tatu! Mji nauona!

Pembeni kasimama Mzee Malimi, rafiki wa baba. Katembea toka asubuhi kuja kunishangilia. Ananipungia fimbo.

Nikashuka.

Mwangaluka, baba. Mzee kashika kichwa. Panda, mjinga wewe, wanakuja! Nikasema ndiyo baba, ng'ombe hawajambo? Kasema hawajambo, na wote wana akili kuliko mimi. Kanichapa fimbo ya mgongo. Rodgers kapita anacheka. Nimekuwa wa tisa.

Jumapili, 13 Julai
Rodgers kachukuliwa. Mimi kesho nang'oa miti ya pamba.

Mzee Malimi kasema kosa langu ni kushuka. Hapana. Nimefikiri ibada nzima. Kosa ni kuchelewa kusalimia! Agosti kuna mbio Lamadi. Nitatangulia wiki nzima, nimsalimie kila mzee wa njia ile, tumalizane kabisa. Siku ya mbio akitokea wa kunipungia, nashuka kidogo tu, namkumbusha kwamba tulishasalimiana.