Chupa Mbili za Rhoda

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimekuwa mwanasayansi. Sikupanga. Kwenye kikao cha walimu, Mkuu wa shule, Mama Grasiana, alisema Ijumaa kuna maonyesho ya sayansi Korogwe na shule yetu ya Handeni imealikwa. Mradi utakaoshinda unampeleka mwanafunzi kambini Vugiri wiki mbili: maabara ya kweli, wataalamu wa kweli. Mwalimu mmoja anakwenda naye na kurudi na cheti. Mlezi wa klabu ya sayansi ni Mustafa wa Fizikia, lakini yuko semina Korogwe wiki nzima. Mkuu akauliza nani atashika nafasi yake. Nikaona mkono umenyooka. Ulikuwa wangu.

Nafundisha Uraia. Lakini nafasi ya mkuu wa taaluma iko wazi tangu Mei, na Mustafa anaitolea macho. Mimi pia. Mwenye cheti cha kambi atapitwa na nani?

Mkuu aliuliza kama nina uhakika. Nikasema sayansi ni somo kama masomo mengine. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, 15 Julai

Nimekutana na klabu. Wanachama kumi na mmoja, mwenye mradi ni mmoja tu: Rhoda wa kidato cha tatu. Mpole, anaongea taratibu. Kwao wanakunywa maji ya lambo, lile lile wanalonyweshea ng'ombe. Mwaka jana mdogo wake alilazwa siku tisa kwa tumbo. Ndipo Rhoda alipoanza majaribio. Unasaga mbegu kavu za mlonge, unakoroga kwenye maji, tope linashikana na kuzama. Kisha unachuja na kuchemsha.

Alinionyesha chupa mbili. Moja imeandikwa KABLA, maji rangi ya chai ya maziwa. Nyingine BAADA, maji maangavu. Nikauliza ile chafu ya nini. Akasema ni kontroli, ya kulinganishia. Nikaitikia kwa kichwa. Alipoondoka niliigeuza pande zote. Haina swichi.

Aliniachia mfuko wa mbegu, akaomba nimtunzie.

Jumatano, 16 Julai

Mbegu nimezitunza kuliko alivyotarajia. Nimezipanda. Mistari mitatu nyuma ya maabara, na ndoo nzima ya maji.

Rhoda alipozihitaji nikampeleka akaone. Akasimama pale, akaitazama mistari yote mitatu. Nikadhani ni furaha. Kisha akapiga magoti, akaanza kufukua kwa rula. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba si za kupanda. Akaniomba msamaha. Mtoto ana adabu.

Jioni Mustafa alipiga simu. Habari zimemfikia. Aliuliza kama nauelewa mradi. Nikamwambia kontroli yote iko mikononi mwangu. Akaomba kitu kimoja: nisiguse chochote. Wivu. Ndicho kitu pekee nilichokielewa wiki hii.

Alhamisi, 17 Julai

Nimetafakari. Tunakwenda kusimama mbele ya wataalamu na chupa ya tope! Shule za mjini zitakuja na vitu vinavyong'aa. Handeni itaonekanaje?

Saa kumi, Rhoda alipokwenda kufua sare, niliingia maabara. Nikamwaga maji ya KABLA, nikaisuuza chupa mara tatu, nikaijaza maji ya dukani. Sasa zote zinang'aa kama mapacha. Wazo dogo lilinijia, kwamba kama zote ni safi, basi... Halikufika mwisho. Nikafunga mlango.

Ijumaa, 18 Julai

Korogwe. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa shule moja hapo Manundu. Mustafa alitoroka semina, akatukuta mezani. Rhoda alifungua boksi, akatoa chupa, akazitazama. Akazibadilisha nafasi. Akazirudisha. Kisha akanitazama mimi. Sikuelewa kwa nini mimi.

Jaji alikuwa Bi Sejal, mtaalamu wa maji, mzaliwa wa hapo hapo mjini. Akainua KABLA, akainua BAADA, akauliza kwa upole tofauti iko wapi. Nikawahi kujibu: haipo, sisi ni wasafi kabla na baada. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Mustafa alijifunika uso.

Bi Sejal akaanza kuandika kitu kifupi, kifupi mno. Hapo Rhoda akasema, "Madamu, naomba saa moja, na ndoo ya maji ya mtoni."

Bi Sejal akatazama saa yake. Akakubali. Mustafa akadandia bodaboda, akarudi na ndoo aliyoichota pale wanapochimba mchanga. Maji ya kahawia. Rhoda akatoa kifurushi cha mbegu kavu mfukoni mwa sketi. Nikamuuliza mbona hakuniambia anazo nyingine. Akasema tangu Jumatano ameona bora nyingine zikae mbali kidogo. Mbali na nini, hakusema.

Akazitwanga kwenye kinu cha jikoni. Akamwaga yaliyomo kwenye zile chupa mbili, akazijaza maji ya mto. Moja akatia unga, nyingine akaiacha. Akakoroga haraka, kisha polepole, akaiweka. Tukasubiri. Dakika ya ishirini tope likaanza kushikana mabonge. Watu wakaacha meza nyingine, wakaja kwetu. Dakika ya hamsini nilisoma, kupitia maji, jina la shule lililobandikwa upande wa pili wa chupa. Ile nyingine bado kahawia.

Bi Sejal aliuliza kama sasa yanafaa kunywa. Rhoda akasema bado, mpaka yachemshwe, na kwamba hajui mbegu ngapi zinatosha kwa kila aina ya maji. Nilimkanyaga kidogo chini ya meza. Mshindi hasemi hajui! Lakini Bi Sejal aliandika mistari mingi.

Ameshinda. Nimejikuta nalia na sijui sababu. Tukifungasha, Rhoda aliniambia polepole, "Mwalimu, ile chupa chafu ndiyo iliyokuwa inaonyesha kazi yetu." Nikamjibu vizuri sana, aendelee hivyo hivyo.

Jumatatu, 21 Julai

Mstarini Mkuu alimpongeza Rhoda. Mama yake Rhoda alikuwepo, akamshika Mustafa mikono miwili, kisha na mimi. Halafu Mkuu akatangaza kwamba anayekwenda Vugiri ni Mustafa. Nilimfuata ofisini kuuliza sababu. Akasema zipo, anaweza kunisomea. Sikutaka.

Lakini nimepiga hesabu. Nisingebadilisha yale maji, Rhoda asingefanya jaribio mbele ya watu. Asingelifanya, asingeshinda. Ushindi basi ni wangu. Nilimweleza Mustafa. Alitoka nje bila kufunga mlango.

Mezani kwake nimekuta daftari la vipimo la Rhoda, linalotakiwa kambini. Aibu tupu. Namba zimekatwakatwa. Siku moja maji yametakata kwa dakika hamsini, nyingine sabini na mbili, nyingine ameandika "haikufaulu". Wataalamu waone haya?

Nimechukua daftari jipya, naandika upya kwa mwandiko safi. Kila siku naweka hamsini. Nimefika ukurasa wa tisa. Ile "haikufaulu" nimeiruka.