Diski Iliyopunguzwa Kazini

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba ofisi yetu ya leseni za wachimbaji wadogo, Shinyanga, ndiyo ya kwanza kuipunguza kazini diski ya kompyuta.

Ulikuwa mwaka wa kupunguza wafanyakazi. Mimi, Maige, karani wa masjala, niliongoza kamati ya kusaka wazembe. Ndani ya kompyuta tukakuta diski mbili.

"Hii ya pili inafanya nini?" nilimuuliza Mama Ignas, mwendesha kompyuta.

"Inaandika yaleyale ya mwenzake. Moja ikifa, kazi inaendelea."

"Yaani inakula umeme ikingoja mwenzake afe?"

"Ndugu Maige, mbona hata wewe una figo mbili?"

Kamati ilicheka. Mimi sikucheka. Siku hiyohiyo tuliwapunguza wote, diski na Mama Ignas. Kwa kuwa fungu la kiinua mgongo lilikuwa limekauka, tulimkabidhi diski hiyo iwe kiinua mgongo chake, tukampigia makofi. Akaitia kwenye kikapu cha mboga, akaenda zake Ngokolo.

Kwa ushujaa huo nilipandishwa cheo, nikakalia kiti cha Mkuu wa Ofisi, Bwana Felician, aliyestaafishwa akalime Ushirombo. Raha iliyoje! Waraka wangu wa kwanza niliubandika mlangoni: "Kompyuta haikosei. Isichokijua kompyuta, ofisi haikijui."

Baada ya miezi michache diski iliyobaki ilitoa mlio wa kusaga karanga, ikanyamaza. Mishahara ikanyamaza nayo. Wachimbaji kutoka Geita wakajaa uani.

"Mkubwa, duara langu la kuchimbia dhahabu linajaa maji, wewe waniambia mashine inaumwa?" alifoka Nkwabi, matope hadi magotini.

Niliunda kamati ya maafa. Kamati ikanituma Ngokolo. Nilipofika nilijikuta nikimwamkia Mama Ignas shikamoo, na umri nimemzidi.

"Marahaba," aliitika bila haya. "Kiinua mgongo changu kimo sandukuni, nimekiviringishia kanga."

"Turudishie, mama. Taifa linakuhitaji."

"Nitakuja nayo. Ila inakumbuka mambo ya mpaka siku ile mlipoitoa tu."

"Haidhuru, muradi iamke."

Ikaamka. Leseni zikatoka, Nkwabi akapiga vigelegele kama bibi harusi kapita. Kisha ikatoka orodha ya mishahara. Mwendesha kompyuta: Mama Ignas. Mkuu wa Ofisi: Bwana Felician. Karani wa masjala: Maige.

Nilipinga kwa sauti kubwa. Wajumbe wa kamati wakanishika mkono, wakanipeleka mlangoni nikausome waraka wangu.

Bwana Felician alirudi na udongo wa Ushirombo viatuni. Akausoma naye, polepole.

"Waraka mzuri sana huu," alisema. "Karani Maige, toa nakala mbili. Moja ikipotea, kazi iendelee."