Kisu cha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe kateleza kwenye ngazi ya karakana, kavunja mkono. Wa kulia. Plasta nene kama mguu wa kochi, na makochi ndiyo kazi yake. Tukaenda kumpa pole. Kumbe mzee haumwi mkono, anaumwa kisu! Kisu chake cha kukunja, anachokatia nyuzi na vitambaa tangu mke wangu hajazaliwa, kina kijishimo kwenye ubapa. Unatia ukucha, unavuta. Kazi ya mikono miwili. Sasa kila uzi mmoja lazima amwite mama mkwe. Mzee akasema Jumamosi ataamua nani ashike funguo za karakana mpaka apone.

Funguo! Nani mwingine kama si mimi? Mimi niliyekuwa utingo wa malori, niliyevuka mipaka mpaka askari wakanizoea kama mvua! Kabla sijafikiri, mdomo ukatangulia: nitaleta kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja, maana visu navijua kuliko mchinjaji. Injinia naye akasema ataleta. Huyu ni mume wa shemeji yangu, na si injinia wa chochote, anafunga madishi ya televisheni. Nikikohoa, naye anatafuta kikohozi.

Jumanne, 5 Machi

Duka la vifaa. Mama mwenye duka akanimwagia visu kwenye kaunta. Kimoja kina kitufe: unabonyeza, springi inatupa ubapa nje, chwa! Kingine kina kipembe mgongoni: unakivuta kwa kidole cha shahada, ubapa unazunguka wenyewe. Cha tatu kina kinundu ubavuni mwa ubapa, unakisukuma kwa gumba, polepole. Nikasema cha polepole ni cha wazee. Nikasahau namnunulia nani.

Mama akaniuliza mzee amebakiwa na mkono gani. Nikamwambia mama yangu, mkono ni mkono, wewe nipe bidhaa. Akanitazama kama mtu anayetazama ndoo inayovuja. Nikachukua cha kitufe.

Jumatano, 6 Machi

Kitufe kimenivua nguo! Nimeinama kwa kinyozi kufunga kamba ya kiatu, chwa! Kimejibonyeza mfukoni. Paja limesalimika, suruali marehemu. Kinyozi akauliza kama huko chini naingiza hewa. Wateja wakacheka, nami nikacheka. Ningefanyaje? Nikatoka kinyumenyume kama mtu anayeaga mfalme.

Mke wangu kaishona suruali, uzi akaukata kwa meno huku ananitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebadilisha, nimechukua cha kipembe. Raha! Kidole tu, tak! Tak! Nimetakataka asubuhi nzima. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini fundi wa kweli huongeza nakshi. Nikaongeza kutupa kiwiko. Kisu kikaruka, kikatua katikati ya kochi letu. Lile alilotushonea baba mkwe tulipooana! Sponji ikachungulia nje. Nikageuza mto. Mke wangu alipokaa akauliza mbona leo kochi linapumua.

Mbio dukani. Mama akasema hata nzi hawarudi hapo kama mimi. Na nani kasimama kwenye kaunta, anarudisha cha kitufe, kidole kimefungwa karatasi ya chooni? Injinia! Damu inamchuruzika, anasema ni rangi. Roho ikaniuma, nikamfunga kwa leso yangu safi. Akanishukuru kwa machozi, kisha akanyoosha mkono kwenye kisu cha kinundu nilichokuwa nakitazama. Nikawahi kingine kama hicho. Tukaondoka kila mtu akimwambia mwenzake acha kuiga.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi. Gumba langu la kulia limeota lengelenge, lakini nafungua nimefumba macho. Mke wangu akaniuliza kufumba kwangu macho kutamsaidia nini baba yake. Hajui maonyesho. Nimeshachagua hata ndoano ya kutundikia funguo.

Jumamosi, 9 Machi

Karakana imejaa ukoo. Nikatoa hotuba, nikafungua kisu kwa gumba, wakapiga makofi. Nikampa mzee. Akakipokea kwa kushoto. Gumba lake likapapasa ubapa mtupu kama mgeni anayetafuta swichi ukutani. Kinundu kiko upande mmoja tu! Upande wa gumba la kulia!

Injinia akachekelea, akatoa chake. Kisu kilekile, kinundu kilekile, ukuta uleule.

Mzee akatuuliza kwa upole kama sisi wanawe tumewahi kuiona plasta. Nikaitazama. Ilikuwa kulia. Imekuwa kulia wiki nzima!

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akakaa kwenye kigoda kando ya mumewe, akachukua kile kisu cha zamani, akatia ukucha, akakifungua, akampa. Hawakutazamana hata. Mzee akakata uzi. Ukaonekana ni mchezo waliouzoea.

Mzee akasema visu vyetu ni vizuri, ila yeye kisu cha mkono mmoja hakitaki tena. Wiki hii amesikia habari za watoto, za majirani, hata kwa nini mkewe alimkubali ujanani. Kisu kinachofunguka chenyewe hakijui kupiga soga. Funguo akampa mama mkwe.

Ukoo mzima vigelegele! Nami nikapiga, changu kikawa kirefu kuliko vyote. Mama mkwe akaanza kazi papo hapo: akatubebesha mimi na Injinia kochi la mteja. Mlangoni likakwama, kila mmoja akimfundisha mwenzake namna ya kuinama. Tumecheka mpaka tukaliketia.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu kamwambia baba yake habari za mto. Kaja kuuziba, yeye na mkono wake mmoja, na mama mkwe wa kufungua kisu; Injinia naye kafuata harufu ya chakula. Nimepika mwenyewe.

Wakati wa kula mama mkwe akataja kwamba kufuli la karakana ni gumu, linamuumiza vidole. Injinia akaacha kutafuna. Nikamwahi! Nikasema kesho asubuhi naleta jipya, makufuli nayajua kuliko mwizi. Mama mkwe akaniuliza kama nimewahi kuangalia mlango wenyewe unafungukia upande gani.

Nikamwambia mama yangu, mlango ni mlango.