Kufukuzana na Jua Hadi London

Habari kubwa barazani kwetu Wawi jana alasiri haikuwa bei ya karafuu. Ilikuwa tiketi ya Mzee Haroub. Binti yake, Hamdiya, kajifungua London, mjukuu wa kwanza, akamtumia baba yake tiketi ya kupitia Maskati kwa simu. Mzee akaenda kuichapisha mjini Chake, akaja nayo imekunjwa mara nne. Barazani tunamwita Chuma, maana tangu abaleghe hajala Ramadhani hata siku moja, na hutukumbusha kila tukikaa. Ramadhani yenyewe imebaki wiki.

"Nauliza moja tu," akasema. "Maskati mpaka London saa ngapi?"

Karatasi aliichukua Ngwali, dereva wa fuso. Huyu hupima dunia nzima kwa safari ya Chake kwenda Konde, ndiyo sababu jina lake ni Konde.

"Anaondoka saa nane mchana, anatua saa kumi na mbili magharibi. Saa nne. Mie na fuso bovu nshakwenda Konde kwa saa nne."

"Saa nane," akasema Mwalim Khatib. Yeye ndiye Atlasi, kasomesha jiografia miaka thelathini. "Kilomita elfu tano na mia nane, na saa za London ziko nyuma ya Maskati kwa nne."

"Nyuma vipi, na wao ndio wenye ndege?"

Atlasi akanywa kahawa.

"Tazama kurudi," Konde akaendelea. "Anaondoka saa mbili usiku, anafika saa moja asubuhi. Saa kumi na moja. Kurudi ni mbali zaidi."

"Njia ni ile ile, yakhe."

"Mzigo, Mwalim. Kwenda watu wana vibegi. Kurudi kila mtu kajaza mablanketi."

Mimi nikaitikia kwa kichwa. Mizigo ya watu wanaotoka Ulaya nimeiona.

"Nyote hamjanijibu," akasema Chuma. "Ndege anaelekea jua linakotua, na mie nimefunga. Nifuturu lini?"

Atlasi akashika kikombe, ndiyo dunia, akakizungusha taratibu mbele ya jiko la kahawa.

"Jua utalifukuza, nalo linakimbia. Daku utaila Maskati, futari London. Utafunga saa kumi na sita na nusu."

Hapa kwetu ni kumi na tatu na nusu.

"Msafiri ana ruhusa ya kula, mzee wangu," nikasema.

"Ruhusa naijua. Miaka arubaini na tisa sijaitaka, leo niitumie kwa ajili ya injini?" Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Na mjukuu nnataka kumpakata."

Nilimwonea huruma kweli. Kifua kipana kile, na macho yamemlenga machozi.

"Kwani ukielekea mashariki?" akauliza Konde.

"Siku hupungua," akasema Atlasi.

"Basi Chuma, mwezi mzima weye panda za mashariki tu."

Chuma hakucheka. Akatoa simu, akampigia bintiye, sauti ikasikika barazani kote.

"Mwanangu, mie siji. Tiketi yako ina saa kumi na sita."

"Saa kumi na sita za nini, baba?"

"Za kufunga."

"Baba, hiyo tiketi ni ya siku ya nne baada ya Idi."

Atlasi akaichukua karatasi, akafuta miwani. Tarehe ilikuwa juu kabisa, kwa herufi nene.

"Sisi tulitazama saa," akasema.

Konde akaanza kutafuta makubadhi yake. Abdulnasir, muuza kahawa wetu, akakusanya vikombe na kumwaga masimbi ya kahawa. Mimi nilifurahi kwa niaba ya mzee, nikampa mkono wa kheri. Hakuupokea. Alikuwa bado amekaa, anahesabu kwa vidole.

"Siku ya nne baada ya Idi, Mfungo Mosi," akasema. "Hapo mie huwa nshaanza zile funga sita za sunna. Na hizo pia sijaacha hata mwaka mmoja."

Abdulnasir akaturudishia vikombe.