Goti Langu na Ngoro

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Goti la kulia limegoma. Kwenye sala ya asubuhi kushuka nimeshuka vizuri. Kuinuka ndiyo kazi! Mke wangu Ephrasia amenivuta kama mbuzi aliyetumbukia shimoni. Na Ijumaa ni Kupalizwa Bikira Maria! Mimi ndiye nabeba machela ya sanamu, mbele, kulia, na mlangoni mwa kanisa wabebaji wote hupiga goti. Pankras, anayebeba nyuma yangu, ameniona nachechemea. Tayari amemnong'oneza katekista kwamba mbele panataka mtu mwenye viungo vizima. Mnafiki! Bwana nisamehe. Lakini ni mnafiki.

Jumanne, 12 Agosti
Kwa daktari Iddy, kijana wa Tanga, mpole, shikamoo yake ndefu. Ana goti la plastiki mezani. Mfupa wa paja juu, muundi chini, kilegesambwa mbele kama kifuniko. Katikati gegedu, mifupa isisagane. Na ute wa kulainisha. Pembeni kano mbili, ndani kano mbili nyingine, zimepishana kama msalaba. Nikatikisa kichwa kama msomi. Mwisho eti nizoeze misuli ya paja, na kupiga goti niache kwanza. Paja! Paja haliumi. Nyumba yangu ikivuja nikaezeke ya jirani?

Jumatano, 13 Agosti
Nimeelewa! Vitu vimepishana ndani, vimefunikwa juu. Hiyo si ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani? Babu zetu walipanga nyasi zikapishana, zikafukiwa udongo, na milima ya Umatengo haijaporomoka mpaka leo. Goti ni nini mbele ya mlima? Nimekata nyasi, nimezipanga gotini. Kufukia ni kazi ya wanawake, desturi ni desturi. Nikamwita Ephrasia. Akatazama goti, akanitazama mimi.

"Na maharage nipande leo, Baba Avelina, au tungoje mvua?"

Amefukia, lakini kwa kicheko mpaka akakaa chini. Udongo wa baridi! Agosti ya Mbinga haina huruma.

Alhamisi, 14 Agosti
Udongo umekauka. Goti halikunjiki, na lisipokunjika haliumi. Nimepona! Katekista kaniona natembea wima, kasema mbele ni pangu. Pankras kanuna. Ephrasia anauliza kesho nitapiga goti kwa kitu gani. Imani haihojiwi.

Ijumaa, 15 Agosti
Mama Maria, uliona mwenyewe. Mlangoni nikashuka. Ngoro ikapasuka, puu! Udongo ukateremka suruali yote mpaka kiatuni. Kuinuka, wapi! Machela ikainama, wenzangu watatu wakabaki chini ili sanamu isianguke. Pankras nyuma: "Inuka, ndugu yangu, nakufa!" Waumini kuona hivyo, wote wakapiga goti. Kwaya ikarudia wimbo, ikarudia tena. Padri akatokwa na machozi, kasema hajaona ibada kama hii. Sijui nifurahi au nitubu. Mwishowe wenzangu walininyanyua pamoja na machela.

Jumamosi, 16 Agosti
Padri kanithibitisha: mbele ni pangu na mwakani. Goti limevimba kama papai. Daktari Iddy kanikuta sokoni, karudia habari za paja. Masikini, hana wimbo mwingine.

Jioni kaja Pankras, anachechemea. Goti lake la kushoto, tangu jana mlangoni. Kwa unyonge kaniuliza dawa yangu ni ipi. Moyo wangu ukalainika. Adui yako akiumwa, muuguze.

Nimeshamkatia nyasi. Habari ya maharage ataamua mke wake.