Malalamiko Dhidi ya Jirani Anayeshona Sare Zinazowatosha Watoto

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Vibali vya Biashara,
ambaye pia ni shemeji yangu na mjomba wa wanangu.

YAH: KUNYIMWA KIBALI KWA FUNDI WA NG'AMBO YA BARABARA, KWA FAIDA YA WOTE

Shemeji Mheshimiwa,

Pole na majukumu. Nakuandikia kiofisi, wala si kwa simu, kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia ulinikatiza ukasema jambo la ofisi liletwe ofisini, kisha ukaniuliza dada yako, mke wangu, anaendeleaje. Anaendelea vizuri. Haya sasa ndiyo ya ofisini.

Unajua, maana wino ni wako, kwamba kwa miaka mingi karakana yangu ndiyo pekee iliyoidhinishwa kushona sare za shule zote za umma hapa mjini. Tulikaa kwa amani. Shule zinaleta oda, sisi tunashona, wazazi wananung'unika, watoto wanavaa, na kila mtu alijua nafasi yake. Ndipo ukashuka kutoka juu ule waraka wa kwamba mzazi yuko huru kushonesha sare popote anapotaka, waraka ambao najua hata wewe ulikukosesha hamu ya kula. Wiki ile ile, kile chumba cha ng'ambo ya barabara kilichokuwa cha kinyozi kikatobolewa dirisha, kikapakwa rangi ya samawati, na ndani yake akaketi mwanamke mmoja na cherehani yake.

Huyo mwanamke namjua. Alikuwa fundi wangu wa kola. Aliondoka kwangu siku nilipompa mdogo wake mkeo cheo cha msimamizi, mtu ambaye, tukizungumza kindugu, mpaka leo hana uhakika kola inakaa upande gani wa shati. Watoto wanamwita Mama Futi kwa ajili ya ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Jumatatu ijayo kibali chake cha muda kinafika mezani kwako. Ama utakifanya cha kudumu, ama utakiweka chini ya mafaili mengine na kukisahau, kama unavyojua kusahau wewe ukiamua. Kabla hujashika kalamu, naomba uyasome malalamiko yangu kwa moyo mtulivu.

1. Anapima watoto. Ndiyo, Shemeji, mmoja mmoja. Anamsimamisha mtoto, anamzungushia futi kiunoni, anampima bega na mkono, halafu anashona kitu kinachomtosha mtoto huyo huyo. Kwangu tuna saizi tatu zinazojulikana mji mzima: Ndogo, Kubwa na Atakua. Mtoto akivishwa Atakua siku ya kwanza ya shule, anakunja mikono mara nne, na kila mwaka anakunjua mkunjo mmoja. Hiyo ni elimu ya uvumilivu ambayo haimo kwenye mtaala wowote. Sasa wazazi wameharibiwa. Wanakuja kuniuliza kwa nini suruali ina mguu mmoja mrefu, swali ambalo zamani halikuwepo kabisa.

2. Anaajiri watu wanaojua kazi. Hapa ndipo uonevu wenyewe ulipo. Alipofungua tu, wakamfuata mkata vitambaa wangu, mpiga pasi wangu, na wale akina mama wawili wa matundu ya vifungo. Nimebaki na wale ulioniletea wewe, kila mmoja na kimemo chake chenye sahihi yako. Silalamiki, nawashukuru, ni watu wenye adabu. Kijana wa rafiki yako diwani ni Meneja Masoko, ingawa sisi hatuna soko, tuna zabuni. Binti wa karani wako ni Mtunza Sindano. Na yule bwana mwenye kofia, ambaye kimemo chake kilikuwa na neno moja tu, "mpokee", tulimpokea. Mpaka leo hatujui ni nani, na tunaogopa kumwuliza.

Nilivuka barabara kistaarabu nikamwomba Mama Futi achukue japo wawili, tugawane mzigo wa taifa. Akauliza kama wanajua kutia uzi kwenye cherehani. Nikamwambia hilo sijui, ila wana mtu wao ofisini. Akasema basi wakashone huko huko ofisini. Watu wote waliokuwa wanasubiri sare wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane mtu wa ajabu.

3. Anamaliza kazi. Hili ndilo zito kiuchumi, tafadhali lisome mara mbili. Mtaani wanasema eti huyu mama anazalisha ajira kwa kuwa ana watu saba. Mimi ninao kumi na mmoja! Kwa hesabu ya kawaida nimemshinda. Tofauti ni kwamba watu wangu wana kazi, na watu wake wanafanya kazi. Mwenye kazi hamalizi kitu. Kazi anaiacha jioni ikiwa nzima, na asubuhi anaikuta ilipolala. Oda ya mwaka jana ya shule ya kule juu bado tunayo, tumeifunika na shuka isipate vumbi. Wale wa ng'ambo oda haikai. Inaingia, inakatwa, inashonwa, inapigwa pasi, imeondoka, na wao hao wanatoka kutafuta nyingine. Kwa mwendo huo watamaliza kazi zote za mji huu, ndipo utakapouona ukosefu wa ajira wenyewe.

Hapa niseme na la moyoni. Mchana joto likizidi, madirisha yote yako wazi, nasikia cherehani zao zinavyokwenda kwa pamoja, na upande wangu nasikia Meneja Masoko akipiga miayo. Inaniuma, Shemeji. Msimamizi ananiuliza kwa nini nimenuna, nami namwambia ni joto.

4. Hajui hata maana ya anachokiuza. Timu mbili zikimaliza mchezo bila mmoja kumshinda mwenzake, tunasema zimetoka sare. Watoto wakivaa nguo zinazofanana, tunasema wamevaa sare. Lugha ilishaamua zamani kwamba katika jambo hili hakuna mshindi. Mtu anayeingia kwenye biashara ya sare kwa nia ya kushinda anaidhalilisha lugha yetu. Mimi neno hili nimeliheshimu miaka yote kwa kutoshindana na mtu yeyote. Nilikuwa uwanjani peke yangu, na bado nikatoka sare.

5. Anawaharibu maafisa wako. Nakushukuru ulivyojitahidi. Uliwatuma wa zimamoto wakamkague, wakarudi wamepunguziwa suruali viunoni. Ukawatuma wa afya, wakakaa huko mpaka mchana, wakatoka na sare za watoto wao zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Yule wa mwisho, uliyemtuma na kufuli ya kufungia mlango, nilimwona kwa macho yangu akimshikia mpiga pasi shuka huku kufuli iko mfukoni. Alipotoka alinipungia mkono. Shati lake lilikuwa na vifungo vyote.

6. Anaambukiza ajira. Tatizo lingebaki chumbani mwake, ningenyamaza. Lakini tazama: mafundi saba wanakunywa chai, kwa hiyo muuza chai ameongeza meza na kumwita dada yake aje asaidie. Vitambaa vinahitaji kubebwa, kwa hiyo mzee wa mkokoteni sasa ana mkokoteni wa pili na mwenzake wa kuusukuma. Muuza vifungo, aliyekuwa anakuja mara moja moja, amekodi kibanda pale kona. Hao wote hawana kimemo chochote! Wameajirika hivi hivi, bila idhini ya mtu, bila hata kujua wamshukuru nani. Shemeji, watu wakianza kupata kazi bila kujua wamshukuru nani, wakati wa kampeni wewe na rafiki yako diwani mtawaambia nini?

7. Ameingia mpaka nyumbani kwangu. Binti yangu wa mwisho, mpwa wako mpenzi, juzi alikuja mezani na shati jipya. Nikashtuka, nikajiuliza kuna nini kilichobadilika kwa mtoto huyu. Kumbe nilikuwa naiona mikono yake. Tangu aanze shule sijawahi kuona mwanangu akishika kijiko kwa vidole vinavyoonekana. Nilimwuliza shati limetoka wapi, akasema lilikotoka la wenzake wote. Nilitaka kugomba, lakini alivyokuwa anajigeuza mbele ya kioo kile cha kabatini, nilimwacha ajitazame.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kibali cha Mama Futi kisitolewe, na wale watu wake saba warudishwe kwangu, ambako nitawapa vyeo ili wapumzike. Kama waraka wa juu unazuia hilo, basi atengewe watoto wasiokua. Na kama hilo nalo ni gumu, ofisi yako itoe tangazo kwamba watoto wote wa darasa moja wawe na kiuno kimoja, na mtoto atakayezidi au kupungua, mzazi wake aje kujieleza. Najua wataalamu wako hawashindwi kuandika tangazo kama hilo. Wameshawahi kuandika magumu zaidi.

Nisalimie mkeo, na umwambie mdogo wake ni mzima, anakula vizuri, anapumzika vizuri. Msalimie diwani, karani, na wote waliowahi kutia sahihi kimemo cha kuja kwangu. Msalimie pia mwenye kofia yule kama unamfahamu.

Ni mimi, niliye chini ya mwavuli wako kwa muda mrefu kiasi kwamba nimesahau kama nje kuna mvua au jua,

Shemeji yako,
Mkurugenzi wa Karakana Pekee Iliyoidhinishwa

Baada ya sahihi: Barua hii nilimsomea dada yako kabla ya kuifunga. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kile kikundi cha akina mama anachokwenda kila asubuhi hakipo. Anakwenda kwa Mama Futi kushona matundu ya vifungo, yeye na wale wawili wa zamani. Yeye ndiye wa saba katika wale saba niliokuwa nakuhesabia.

Akaniambia pia kwamba sekondari moja imewapa oda ya makoti, na kule hakuna anayeweza kupachika mkono wa koti ukakaa bila kukunjamana begani. Shemeji, mimi kabla ya zabuni nilikuwa fundi makoti. Wewe mwenyewe siku ya harusi yako ulivaa koti langu. Basi jana nilivuka barabara, nikasema nimekuja kukagua.  Mama Futi alinipa koti lisilo na mikono, akanisogezea cherehani ya dirishani. Nilishona. Mshono wa kwanza niliufumua, wa pili ukakaa. Akaja, akauvuta ule mkono, akaugeuza nje ndani, akaniambia nije Jumanne na nisichelewe. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliniambia nisichelewe.

Kwa hiyo malalamiko yote, namba moja hadi saba, yasomwe kama sifa. Kibali kitoke Jumatatu hiyo hiyo, cha kudumu. Kitoe kwa haki, na haki ikichelewa, kitoe kwa undugu. Ila nakuomba kwa yote, usimwandikie Mama Futi kimemo chochote cha kunipigia debe. Pale nimeingia kwa mkono wa koti, na nataka wapwa zako wajue hivyo.